KUSIMAMIA: NENO MOJA, NJIA TATU
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi na watu wa mji



Tumeombwa kusema juu ya neno moja tu. Mtu atauliza: watu wazima wakutane jioni, wamechoka na kazi, ili kusikiliza neno moja? Ndiyo. Kwani neno hili tunalisikia toka king'ora cha asubuhi mpaka mlango wa nyumba unapofungwa. Neno lenyewe ni KUSIMAMIA.

Kwanza tulichambue namna walimu walivyotufundisha. Shina lake ni kusimama. Tukiongeza mkia wa -ia, kazi ya mtu inamfikia mwingine. Mama anapika, naye anawapikia watoto. Mwizi anaiba, naye anamwibia mjane. Tazameni vizuri: mkia ni ule ule, lakini mtoto ameshiba na mjane amelala njaa. Basi mkia huo hausemi wema wala ubaya. Tukiambiwa, "Fulani anawasimamia," bado hatujaambiwa kitu. Sherti tuulize: anasimama wapi? Juu yetu, kando yetu, ao mbele yetu?

Njia ya kwanza ni kusimama juu ya watu. Njia hii ni ya zamani. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja, wakati wa utumwa, mkubwa wa kazi aliitwa msimamizi, na chini yake walikuwa nokoa na kadamu. Kazi yao ilikuwa kuona kwamba mtumwa hapumziki. Sheria ya utumwa ilivunjwa kule mwaka 1897, lakini neno lilibaki. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia bara pamoja na misafara ya pembe na ya shaba, ambamo mnyampara aliongoza wapagazi. Huku kwetu Katanga likaja neno lingine, kapita, ambalo asili yake ni Kireno. Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, baba zetu walijua ngazi yote: mzungu alimsimamia kapita, kapita aliwasimamia wachimbaji, na mchimbaji hakuulizwa neno. Ndiyo maana hata leo mzee akisikia "msimamizi anakuja," anainua mgongo mbele ya kufikiri.

Njia ya pili ni kusimama kando ya mtu. Hii nayo tunaijua wote, lakini hatuiweki pamoja na ile ya kwanza. Mtoto akibatizwa, yuko mtu anayemsimamia. Vijana wakifunga ndoa, wako wanaowasimamia. Je, msimamizi wa ubatizo anamfokea mtoto? Analipwa kwa mwezi? Hapana. Anatoa jina lake kuwa dhamana. Mtoto akipotea njia, watu watamuuliza yeye: "Ulisimama kwa nini siku ile?"

Vilevile mtu akifa, jamaa wanamchagua mmoja kusimamia mali ya marehemu. Mali si yake. Nyumba si yake, lupangu si lake, mashini ya kushona si yake. Anazishika kwa ajili ya mjane na watoto. Tena tunajua wote, hapa mjini, namna msimamizi mwingine anavyofika na gari siku ya tatu ya kilio, akabeba vitanda na kumwacha mjane juu ya sakafu. Huyo hakusimamia. Aliibia. Ule mkia wa -ia umegeuka mkononi mwake.

Njia ya tatu ni kusimama mbele: kusimamia neno, kusimamia haki. Mwezi wa Desemba 1941, wafanya kazi wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, waliacha kazi wakidai mshahara unaotosha. Vita ya dunia ilikuwa imepandisha bei ya vitu vyote, na shaba yao ilikuwa inatakiwa sana. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakapiga risasi, watu wakafa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa ajili yao. Hakuna mkubwa aliyempa cheo cha msimamizi, wala hakushika fimbo. Lakini tukitafuta maana ya kusimamia, pale uwanjani ndipo ilipoonekana wazi.

Sasa tufike penye shida yenyewe. Watu wengi walifikiri kwamba shida iko katika rangi ya msimamizi. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, aliandika juu ya ubao mbele ya askari kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi, na kwa siku chache tu wakubwa weupe wakatoka katika viti vyao. Vizuri. Mwaka 1967 serikali ikashika na machimbo yenyewe, ndiyo iliyokuwa Gécamines baadaye. Vizuri tena. Lakini je, neno lilibadilika pamoja na sura?

Sisi makarani, ambao kazi yetu ni kuandika katika buku hesabu ya watu na ya mawe, tunasema hivi: kuna kusimamia watu, na kuna kusimamia kazi. Anayesimamia watu anahitaji macho na sauti tu. Anayesimamia kazi sherti aijue kazi. Chini ya udongo, nguzo za mwamba zinazoachwa ndizo zinazoshika paa. Anayesimamia watu anahesabu magari ya mawe yaliyopanda. Anayesimamia kazi anatazama nguzo, anasikiliza mwamba, na jioni anahesabu watu: wameshuka wangapi, wamepanda wangapi. Mwaka 1990 sehemu ya machimbo ya Kamoto, karibu na Kolwezi, ilibomoka chini ya udongo. Na shaba ya Gécamines, iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Wakati ule viti vilikuwa vya wana wa inchi. Wasimamizi walikuwa wengi, nao walisimama juu ya watu kama zamani. Lakini nani alisimamia mashini zilizokosa vyuma? Nani alisimamia franka zilizotoka na hazikurudi?

Kwa hiyo, wandugu, tusikubali neno hili liingie nyumbani kwetu bila kuulizwa. Mtu akisema, "Mimi nasimamia," tumuulize maneno matatu. La kwanza: unasimamia nini, kazi ao watu? La pili: kwa jina la nani? La tatu: utatoa hesabu kwa nani, na siku gani?

Tuwaulize hayo wakubwa wa machimbo, ndiyo. Lakini tuulizane na sisi wenyewe. Yule anayeshika sanduku la michango ya kilio, anasimamia ao anakalia? Mjumbe wa syndika tuliyemchagua, anasimama kando yetu ao amekwisha kupanda juu? Desemba 1957, watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walichagua kwa mara ya kwanza washauri wa mitaa yao. Toka siku ile tunajua kwamba anayesimamia sanduku la kura hana ruhusa ya kumpigia mwingine kura yake. Basi analinda sanduku tu, na anayelinda mali ya wengine sherti aonyeshe mikono yake.

Neno la mwisho ni la sarufi tena. Kusimamia na kusimamisha ni ndugu wa tumbo moja. Ukisimamia kazi, inaendelea. Ukisimamisha kazi, inakoma. Wakubwa wanashangaa kila mara wafanya kazi wanaposimamisha. Wasishangae. Mahali ambapo hakuna anayesimamia kazi, siku moja kazi itasimama yenyewe, ao paa litashuka.

Na yuko ndugu mwingine, mdogo, ambaye watu hawamtumii sana: kusimamiana. Mimi nikutazame wewe, na wewe unitazame mimi, bila fimbo na bila woga, kila mtu na hesabu yake mkononi. Neno hilo halihitaji kapita. Tulichukue leo nyumbani, na kesho asubuhi tuanze nalo kazini.