Saluni Imejaa, Droo Tupu

Leo tunazungumza nanyi wenye saluni, maana kilio chenu ni kimoja: wateja wapo, pesa haionekani.

Tuseme mteja analipa shilingi 25,000 kusuka. Ukitoa rasta za 9,000, unaona faida ya 16,000. Taratibu kwanza! Msusi anachukua nusu, zinabaki 8,000. Humo humo kuna kodi ya fremu, umeme wa LUKU, mafuta ya nywele, na wewe mwenyewe uliyesimama tangu asubuhi. Kichwa kimoja kimekula saa tano. Jumatatu hakuna mtu, ila kodi inaihesabu Jumatatu pia, tena mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo.

Bei ya jirani isikutishe. Huenda naye anakula mtaji bila kujua. Gawa gharama za mwezi kwa idadi ya vichwa mnavyosuka kweli, si mnavyotamani. Laini ya simu ya biashara iwe peke yake, na ada ya mtoto ikitoka humo, iandike kuwa mshahara wako. Na ile “nitakulipa mwisho wa mwezi” ya shoga yako? Iandike pia, mbele yake.