Sonda inayotafuta kifua kikuu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ariwara)

Baba, mama, na nyinyi wandugu mliorudi kutoka Uganda, kamati imeniomba nieleze ile mashine ya labo inayoitwa GeneXpert. Wengi mliisikia wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, ile iliyofika hata hapa Ariwara katikati ya 2019. Leo ninaongea juu ya kifua kikuu, kwani njo ugonjwa tunaokaa nao mwaka mzima.

Ndani ya kartushi, kile kikopo cha plastiki kinachoingizwa katika mashine, kuna sonda. Musifikiri ni ule mpira wa kutia mgonjwa mwilini, hapana. Hii ni kipande kidogo sana, hakionekani kwa macho, kimetengenezwa kishikamane na sehemu moja tu ya ADN ya kidudu. Kikiikuta katika makohozi, kinatoa mwanga na mashine inausoma. Kwenye kartushi ya kwanza, ambayo OMS iliikubali Desemba 2010, sonda ni tano, kila moja na rangi yake. Zote zinachungulia pahali pale panapoamua kama dawa ya rifampisini itaua kidudu. Sonda moja isiposhika, kidudu kimejibadili, na rifampisini huenda haikiwezi tena. Jibu linatoka kwa karibu saa mbili.

Sasa, matibabu ya kawaida ni miezi sita. Mtu anameza dawa miezi miwili kambini, anasikia nguvu, anafunga mizigo, anavuka mpaka, dawa inakatika. Kikohozi kikirudi anakimbilia vidonge vya sokoni. Muuza vidonge hawezi kujua kama rifampisini bado inafanya kazi ndani yako, sonda inajua.

Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, peleka makohozi ya kutoka kifuani, si mate. Na kadi ya matibabu ya kule usiitupe, hata ikichakaa. Mashine inaona pia ADN ya vidudu vilivyokufa, kwa hiyo aliyemaliza dawa juzi anaweza kuambiwa anavyo, kumbe amepona. Kadi inamsaidia daktari kuamua.

Kwa wafadhili: mashine inataka umeme, na makohozi yanataka pikipiki. Ninaomba mfuko wetu ulipe kwanza safari hizo kutoka vituo vya mbali. Fulana za sikukuu zitangoje.

Aliyekatiza dawa anikute pale nyuma baada ya kikao. Hatutaji jina mbele ya watu.