Leseni ya Daktari na Ushuhuda wa Jirani

Mkazi wa Kongowea, mtaa wa Mombasa, anayetafuta daktari wa familia, yaani tabibu mmoja atakayewatibu watu wa nyumba moja kwa miaka mingi, kuanzia mtoto mchanga hadi nyanya, na kuyajua maradhi yao pamoja na maisha yao, huanza kwa kuuliza majirani na mara nyingi hukomea hapo. Sifa za majirani, hata zikiwa nyingi, haziwezi kuthibitisha kwamba anayesifiwa ameruhusiwa na sheria kutibu.

Uthibitisho huo unapatikana kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, lililochukua nafasi ya Bodi ya awali kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, ambalo huweka wazi mtandaoni rejista ya madaktari wote. Kwa kuwa leseni huhuishwa kila mwaka, shahada iliyotundikwa ukutani huonyesha kwamba mtu alisoma, ila haionyeshi kwamba mwaka huu anaruhusiwa kutibu. Maafisa wa kliniki, yaani matabibu wasio madaktari, ambao ndio huwahudumia wagonjwa wengi katika zahanati za mitaani, wana baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2017, na hakuna aibu yoyote katika kutibiwa nao. Kosa ni la yule anayejitangaza kwa cheo asichokisomea. Ubingwa wa udaktari wa familia wenyewe bado ni mchanga nchini, kwani mafunzo yake yalianza katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, hivyo si kila anayejiita daktari wa familia ameusomea.

Ushuhuda wa wagonjwa unahitaji kupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mgonjwa hujua vyema kama alisikilizwa, kama alielezwa ugonjwa wake na kama gharama ilitajwa mapema, lakini si rahisi ajue kama dawa aliyopewa ndiyo iliyomponya, ilhali homa nyingi huisha zenyewe. Mchuuzi wa soko la Kongowea, anayeamka kabla ya alfajiri kupokea mzigo kutoka bara na ambaye siku ya kulala kitandani ni siku isiyo na pato, ana kila sababu ya kumsifu tabibu anayedunga sindano na kumruhusu aondoke upesi. Sifa hiyo ni ya kweli kwa aliyeitoa, lakini ni hatari kwa anayeifuata, kwani ikiwa sindano hiyo ni ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, dawa hizo zikitolewa ovyo huvifanya vijidudu kuwa sugu.

Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa jirani halihusu kupona tu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa, na katika ukanda wa Pwani, ambako malaria ingali ipo, jirani anaweza kueleza waziwazi kama alipimwa au alikisiwa tu. Vilevile anaweza kueleza kama tabibu, alipofikia kikomo cha uwezo wake, alimwandikia mapema barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, ng'ambo ya daraja la Nyali, jambo ambalo wengi mtaani huliita udhaifu wa daktari, ingawa kwa familia yenye mgonjwa mahututi ndilo linaloweza kuokoa maisha.