USIONGEZE GESI KWA KUKISIA
(Maneno waliyoambiwa mafundi wa mashini za kupoza hewa)

Ofisi ikiwa na joto, tajiri husema, "Ongeza gesi." Lakini gesi hii haipungui kwa kazi kama petroli. Ikipungua, imevuja. Ukiongeza bila kutafuta tundu, itavuja tena, na lawama ni yako.

Kwanza tazama filta, feni na koili. Filta iliyojaa vumbi hushusha presha ya upande wa chini, nawe ukadhani gesi haitoshi. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Likionekana tundu, kusanya gesi iliyobaki mtungini, usiiachilie hewani. Ziba, vuta hewa yote kwa pampu, ndipo upime gesi kwa mizani, kilo zile zilizoandikwa kwenye kibao cha mashini. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, basi itoke mtungini ikiwa maji, tena iingie pole pole. Ikiingia kwa wingi huvunja kompresa.

Maji hayo huunguza ngozi kwa baridi (kidole changu kina alama), na katika chumba kilichofungwa gesi humnyima mtu pumzi. Basi mizani, glavu na miwani si zawadi. Tunazidai kabla ya kugusa mtungi. Mahali zisipopatikana, mwambie katibu wa tawi juma hili.