Lenzi ya Picha za Watu: Tuanze na Umbali



Wapiga picha wanaoanza kazi za harusi na studio huniuliza sana: ninunue lenzi ya ngapi ili watu watoke wamependeza? Jibu la mtaani ni milimita 85, na si jibu baya. Ila wengi huamini kwamba milimita ndizo zinazobadili sura ya mtu. Kinachoibadili ni umbali kati ya kamera na uso. Kazi ya lenzi ni kuamua kiasi gani kiingie kwenye fremu, na kwa njia hiyo inakusogeza mbele au kukurudisha nyuma.

Tupige hesabu. Tuseme kutoka ncha ya pua hadi masikio ni sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 40 kutoka puani, masikio yako kwenye 52. Pua inatoka imekuzwa asilimia 30 zaidi ya masikio. Rudi hadi mita moja na nusu, tofauti inashuka hadi asilimia 8, na mtu anafanana na tunavyomwona tukizungumza naye. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu ya aina hii kuhusu selfi, kwani walikuwa wakipokea watu wanaolalamikia pua zao kwa kuzitazama kwenye simu. Pua hazikuwa na kosa. Mkono ndio mfupi.

Sasa hiyo 85 inaingiaje? Kwa kamera ya sensa kubwa, ile ya milimita 24 kwa 36, picha ya wima ya kichwa na mabega inakusimamisha mita moja na nusu hivi kutoka kwa mteja. Ukifunga 50 utasogea hadi karibu sentimita 90. Ukifunga 35, sentimita 60. Ya 200 inakupeleka mita tatu na nusu, uso unaanza kuwa bapa na maelekezo unayatoa kwa kupaza sauti.

Chumba nacho kina neno lake. Mteja wa sendofu anataka gauni lionekane mpaka chini. Lenzi ya 85 itadai mita tano kati yenu, bado nafasi ya pazia nyuma yake na ya mgongo wako. Vyumba vingi vya studio vya kupanga havina urefu huo. Funga 50, simama mita tatu. Kwa umbali huo sura haiharibiki.

Picha ya ukoo ukiipiga kwa 24, wa pembeni huvutika. Mashangazi watatoka wanene kuliko walivyo, na mara nyingi wao ndio wenye kamati. Panga safu mbili, rudi nyuma.

Jambo moja kuhusu tundu la lenzi: 85 kwenye f/1.8, mita moja na nusu, inakupa ukali wa sentimita tatu tu. Mtu akigeuka kidogo, jicho la pili linafifia. Kwa kazi ya kulipwa, f/4 ni salama zaidi.

Mwenye kamera ya sensa ndogo na fedha ya lenzi moja, anunue 50 ya f/1.8, kwake itafanya kazi kama 75 au 80, na bei yake ni nafuu. Picha za mwili mzima chumbani aendelee na zumu iliyokuja na kamera, aiweke kwenye 35. Mwenye sensa kubwa anunue 85, lakini kabla ya kwenda dukani apime kwanza chumba chake kwa futi kamba.