Pumziko Lisilo na Kipimo: Mazoezi kwa Wenye Baridi Yabisi



Kilichonisukuma kuchagua mada hii ni sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara kwenye kadi za wagonjwa: "Apumzike, aepuke kazi nzito." Dawa iliyo juu yake imeandikiwa kiasi, saa na muda. Pumziko halikuandikiwa chochote. Mgonjwa hajui apumzike wiki mbili au maisha yake yote, na wengi, kwa utii, huchagua la pili.

Sitaeleza jinsi kinga ya mwili inavyougeukia utando wa ndani wa viungo, wala jinsi dawa ya methotreksati inavyoituliza; wenzangu mnayajua hayo. Nataka kuuliza sentensi ile imetoka wapi.

Asili yake ni ya heshima. Kati ya mwaka 1860 na 1862 John Hilton, daktari mpasuaji wa Guy's Hospital, London, alitoa mihadhara juu ya pumziko na maumivu, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1863. Alifundisha kwamba maumivu ni mwili unaoomba kuachwa utulie. Lakini tazameni wagonjwa wake: watoto wenye nyonga zilizooza, watu wenye majipu na majeraha, katika zama ambazo hakuna aliyekijua kijidudu cha kifua kikuu. Koch alikitambua mwaka 1882, na dawa ya kukiua ikachelewa miongo sita tena. Nyonga inayoliwa na kifua kikuu kisicho na dawa ilazwe, sina ubishi. Ila ugonjwa wetu ni mwingine, na daktari Garrod alikuwa ndiyo kwanza ameupa jina lake la kitabibu mwaka 1859. Kuichukua amri ya nyonga ile na kumpa mama ambaye vidole vyake hukakamaa kila asubuhi ni kuyafanya maradhi mawili kuwa moja kwa sababu tu yote yanauma. Tena Hilton huyohuyo ndiye aliyetuonyesha kwamba neva inayohudumia kiungo ndiyo inayohudumia misuli inayokiendesha. Aliyeliona hilo amekwisha kukubali kwamba huwezi kukilaza kiungo ukaiacha misuli yake macho.

Mama yangu mdogo, kule Lushoto, alipewa amri hiyo. Ndugu waliitekeleza kwa mapenzi: wakamnyang'anya mchi, ndoo, hata ufagio, akawa wa kuketi barazani na kuhudumiwa kama bibi harusi. Vidole havikunyooka. Kilichobadilika ni mapaja. Yalikonda mpaka kuinuka kwenye kigoda kukahitaji watu wawili. Baridi yabisi yenyewe hula misuli, na amri ile ikausaidia ulaji.

Sasa twende Uholanzi, kwenye utafiti ninaoupenda kuliko wowote katika fani hii, uitwao RAPIT, uliochapishwa na Zuzana de Jong na wenzake mwaka 2003. Wagonjwa 309 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Jingine lilikwenda mazoezini mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, kwa miaka 2, chini ya wataalamu wa fiziotherapia. Walianza na baiskeli, wakaja kwenye mazoezi ya mzunguko, kisha mchezo: badminton, mpira wa wavu, mpira wa kikapu. Watu wenye baridi yabisi wakirukia mpira! Mwishoni uwezo wao wa shughuli za kila siku ulikuwa umeongezeka kuliko wa wenzao, ugonjwa haukuchachamaa, na picha za eksirei za viungo vikubwa, kwa ujumla, hazikuonyesha uharibifu zaidi. Mwaka 2004 waliongeza taarifa: viungo vidogo vya mikono na nyayo havikudhurika, na mifupa ya nyonga ilipungua uzito polepole zaidi kwa waliofanya mazoezi.

Nausoma pia ukurasa ambao wapinzani wangu wanaupenda. Wale ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vimeharibika sana tangu mwanzo walielekea kuharibika zaidi, hasa waliokuwa mazoezini. Basi goti lililolika lipigwe picha kwanza, na mwenyewe apewe baiskeli isiyotembea, si mpira wa wavu. Mwenye maumivu ya kisogo, ganzi mikononi au miguu inayolegea achunguzwe shingo kabla ya lolote, maana mifupa miwili ya juu ya shingo huweza kulegea ikabana uti wa mgongo. Kiungo kilichofura na kuwaka kipunguziwe mzigo mpaka kitulie, huku kikikunjwa na kukunjuliwa taratibu. Mapumziko ya namna hiyo ninayaandika, pamoja na siku ya kuyamaliza.

Mwenzangu mmoja hunijibu: mwanamke wa kwetu anabeba maji, analima, anatwanga; mazoezi gani tena? Namheshimu, lakini anachanganya mambo. Ndoo ni lita 20 siku ya nafuu na lita 20 siku ya uvimbe. Jembe na mchi huvibana vidole vilevile kila uchao, na msimu wa mvua haumsubiri mtu. Zoezi hupunguzwa, huongezwa, huhamishiwa kiungo kingine.

Nami imani yangu ni uzito. Kunyoosha vidole hewani hakutoshi. Andrew Lemmey na wenzake, huko Wales, walionyesha mwaka 2009 kwamba wiki 24 za mazoezi ya nguvu hurudisha misuli iliyoliwa. Wagonjwa walikuwa 28 tu, na nakubali ni wachache. Lakini utafiti wa SARAH wa Uingereza, mwaka 2015, ulikuwa na wagonjwa 490; waliopewa mazoezi ya kuimarisha na kunyoosha mikono waliitumia vizuri kuliko wenzao mwaka mmoja baadaye, na maumivu hayakuzidi.

Kwa hiyo ninapomwandikia mgonjwa asiye na hatari nilizozitaja, huandika hivi: ukakamavu wa asubuhi ukishaachia, inuka kitini na kuketi bila kujishika, mara nane, pumzika, rudia, siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, shika chupa ya maji kila mkono. Maumivu yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, safari ijayo punguza idadi, usiache. Kiungo kingine kikianza kuvimba, njoo kliniki mapema, na uje na chupa zako tuone tuongeze au tupunguze.