Kuchagua Uwiano wa Difu kwa Pikapu ya Petroli Inayovuta Trela



Mada niliyopewa inahusu kitu ambacho muuzaji wa magari hukitaja mwisho kabisa, kama atakitaja: idadi ya meno ndani ya difu. Nitazungumzia pikapu nzito za petroli, kama Ford F-250, Ram 2500 na Chevrolet Silverado 2500, kwa kuwa ndizo wengi wetu hapa Denver tunazoanzia kazi ya kusafirisha magari na mashine kwa trela. Zikiwa mpya, bei yake iko chini ya zile za dizeli kwa maelfu ya dola, na hilo kwa mtu anayeanza si jambo dogo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Difu huchaguliwa kwa kuangalia kilima kibaya kuliko vyote kwenye njia yako, pamoja na giaboksi iliyomo ndani ya gari. Habari ya mafuta ije baada ya hayo mawili.

Pinioni yenye meno 11 ikizungusha krauni yenye meno 41, propela shafti inazunguka mara 3.73 ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Meno 41 kwa 10 ni 4.10, meno 43 kwa 10 ni 4.30. Namba ikipanda, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule na gurudumu linasukumwa kwa nguvu zaidi. Kutoka 3.73 hadi 4.30 ni ongezeko la asilimia 15.

Mwenye dizeli anaweza kulipuuza hili bila kuumia sana. Turbo inampa torki nyingi kabla injini haijafika mizunguko 2,000 kwa dakika. Petroli isiyo na turbo haiko hivyo. Injini ya Ford ya lita 6.2 iliyofungwa kwenye F-250 za mwaka 2017 hadi 2022 hufikia kilele cha torki kwenye mizunguko 3,800, na nguvu zake zote za farasi 385 huzipata kwenye 5,750. Hemi ya Ram ya lita 6.4, hadi modeli ya 2024, ilitoa farasi 410 kwenye 5,600. Nguvu iko juu, na huko juu ndiko inakofuatwa. Dereva anayeondoa mguu kila anaposikia injini inalia kwenye 4,500 anajinyima alichokilipia.

Halafu kuna huku kwetu milimani. Ukitoka Silverthorne kwa barabara ya I-70 kuelekea mashariki, unapanda hadi lango la handaki la Eisenhower, futi 11,158 juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo wale farasi 385, wakifika handakini, wamebaki kama 255. Hakuna difu itakayowarudisha waliopotea. Inachoweza ni kuiweka injini kwenye mizunguko ambako hao waliobaki wanapatikana.

Hesabu yenyewe

Chukua mwendo wa maili kwa saa, zidisha kwa 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi, kisha zidisha kwa uwiano wa gia uliyomo na uwiano wa difu. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika.

Tuchukue Ford ya giaboksi ya gia sita, yenye tairi za LT275/70R18, ambazo kipenyo chake ni inchi 33.2. Gia ya tatu ni 1.516, ya pili ni 2.318. Unapanda kilima kwa maili 55. Difu ya 3.73 inakupa mizunguko 3,150 ukiwa gia ya tatu, ya 4.30 inakupa 3,630. Torki ya injini hii haibadiliki sana kati ya namba hizo mbili, kwa hiyo ongezeko lote la mizunguko linageuka kuwa nguvu. Mwenye 4.30 anabaki gia ya tatu. Mwenye 3.73 anaona mwendo unashuka, giaboksi inaangusha gia ya pili, na mshale unaruka hadi 4,820. Hapo kwa kweli nguvu anayo, tena kuliko jirani yake aliyebaki gia ya tatu. Lakini kilima kikilegea kidogo kompyuta inarudisha ya tatu, mwendo unashuka, inaangusha tena ya pili. Mchezo huo ukiendelea kilima kizima, mafuta ya giaboksi yanachemka. Shida haiko kwenye gia yoyote peke yake. Iko kwenye pengo kubwa kati ya ya pili na ya tatu, na difu ya namba kubwa inakusaidia kukaa upande mmoja wa pengo hilo.

Sasa angalia gharama yake. Kwenye tambarare, maili 65, gia ya sita: 3.73 inazunguka 1,660, na 4.30 inazunguka 1,910. Tofauti ni mizunguko 250. Kwa gari linalovuta trela siku nyingi za wiki, sioni hoja. Mwenye gia sita na kazi ya kuvuta achukue 4.30, au 4.10 kwa magari yaliyokuwa na namba hiyo.

Gia kumi zilipokuja

Ford walipotoa injini ya lita 7.3 mwaka 2020, yenye farasi 430, waliifungia giaboksi ya gia kumi, na hapa ushauri wa wazee wa gereji unahitaji kurekebishwa. Gia ya nne ni 1.773, ya tano ni 1.519. Zidisha: 3.73 kwa gia ya nne inatoa 6.61; 4.30 kwa gia ya tano inatoa 6.53. Kwa gurudumu, ni kitu kilekile. Wenye magari hayo mawili wanapanda I-70 sambamba, mmoja gia moja chini ya mwenzake. Anayesema 4.30 itamfikisha handakini mapema kwa kiasi kikubwa hajakaa na kalamu.

Faida inayobaki iko kwenye gia ya kwanza na rivasi, kwa kuwa chini ya hapo hakuna gia ya kukimbilia. Mwenye kazi ya kuingiza trela lenye ekskaveta kwenye viwanja vya ujenzi, au kutoa boti majini kwenye mteremko, ile asilimia 15 ataihisi kila siku. Anayebeba magari mawili kwenye barabara kuu anatosheka na 3.73. Hiyo 3.55 waachieni wanaovuta mara moja kwa mwezi.

Tairi zisisahaulike. Ukiondoa za inchi 33.2 ukaweka za inchi 35 kwa ajili ya urembo, 3.73 yako sasa inafanya kazi kama 3.53. Umejipunguzia difu bila kugusa hata boliti moja.

Namba za kiwandani

Uwezo wa kuvuta unaotangazwa hupimwa kwa kanuni ya SAE J2807. Sehemu yake moja ni kilima cha Davis Dam, Arizona, maili 11.4, joto la nyuzi 100 za Fahrenheit au zaidi na kiyoyozi kimewashwa. Pikapu yenye tairi moja kila upande wa nyuma inatakiwa isishuke chini ya maili 40 kwa saa. Arobaini, si sitini na tano! Gari linalopanda kwa 45 likiwa na mzigo kamili haliumwi.

Kiwanda hutoa uzito tofauti wa jumla wa gari na trela kwa kila difu. Lakini ukibadilisha difu mwenyewe gereji, uzito ulioandikwa haupandi. Fremu, breki na ekseli ni zilezile, na bima itasoma stika ya mlangoni.

Anayebadilisha gari la 4x4 ajue ni difu mbili, mbele na nyuma, na lazima zilingane. Zikitofautiana, siku utakapotia 4x4 kwenye lami kavu kuna kitu kitavunjika. Kompyuta iambiwe uwiano mpya, la sivyo spidomita itadanganya. Meno mapya yasivute trela kwa maili 500 za kwanza; safari za mwanzo ziwe fupi, difu ipoe kabisa kati ya moja na nyingine.

Kwa gari la mtumba, msiamini maneno wala stika. Giaboksi iwe nyutro, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari, hendibreki iachiwe, gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na stendi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti, kisha zungusha gurudumu mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikifika karibu tatu na robo tatu, ni 3.73, ikipita kidogo nne na robo, ni 4.30. Difu yenye loki inataka magurudumu yote mawili yainuliwe, nayo huzungushwa mara moja tu. Hesabu ikipingana na karatasi za gari, muulize anayeuza difu ilifunguliwa lini, na ile ya mbele nayo ilifunguliwa?